Bunge la Sagamoyo Liko Wapi? Mamlaka ya Kiongozi na Mihimili Isiyoonekana katika Kigogo

Mwalimu mwenzangu, na wewe mtahiniwa unayejiandaa kwa Karatasi ya Tatu, hebu tuanze na swali ambalo limejitokeza kwa sura nyingi katika mitihani ya majaribio: thibitisha kwamba Majoka ni kiongozi dhalimu. Jibu lake lilijulikana kwa moyo karibu katika kila darasa. Amelifunga soko la Chapakazi. Amemtia Ashua kizuizini. Ameidhinisha uuzaji wa pombe haramu. Anatumia vitisho, anawaumiza wapinzani, anajilimbikizia mali. Hoja kumi, kila moja na mfano wake, na alama ishirini zinaingia kapuni. Miongozo inayouzwa madukani ilikwisha kuyapanga majibu hayo kama matofali, na mwanafunzi hakuwa na kazi ila kuyabeba hadi katika chumba cha mtihani.

Nimeyasahihisha majibu ya namna hiyo kwa miaka mingi na kuyatuza alama kama inavyostahili. Lakini mwaka mmoja, tamthilia ya Kigogo ya Pauline Kea ingali kitabu teule, msichana mmoja wa Kidato cha Nne aliinua mkono akauliza, "Mwalimu, Bunge la Sagamoyo liko wapi?" Wenzake wakaangua kicheko. Nami, nikiwa na haraka ya kulimaliza Onyesho la Saba kabla ya wiki ya mtihani, nilimjibu kwamba hilo halimo kitabuni, na kwa kuwa halimo, halitatahiniwa. Jibu langu lilikuwa sahihi, tena lilikuwa baya. Makala haya ni deni ninalolilipa kwa kuchelewa.

Najua kwamba Kigogo imekwisha kuondoka katika orodha ya vitabu teule na nafasi yake kuchukuliwa na Bembea ya Maisha ya Timothy Arege, ambayo ni tamthilia ya sebuleni zaidi kuliko ya ikulu. Hata hivyo swali la yule msichana halikuondoka pamoja na kitabu. Liko palepale katika riwaya ya Nguu za Jadi ya Clara Momanyi, na litakuwapo katika kila kazi ya fasihi ambamo mtu mmoja ameketi juu na wengine wote wamesimama chini. Kwa hivyo tuichukue Kigogo kama mfano tunaoufahamu vyema, sote tuliokwisha kuifunza mara tano au sita.

Kwanza tuelewane kuhusu Sagamoyo yenyewe. Kitabu kinaiita jimbo, na Majoka ni kiongozi wa jimbo hilo. Mhakiki mmoja anaweza kutupinga papo hapo akisema kwamba jimbo si nchi na Majoka si Rais. Lakini ni jimbo gani hili linaloadhimisha miaka sitini ya uhuru wake kwa likizo na keki? Jimbo lenye uhuru, lenye mashujaa wake wa kuchongewa vinyago, lenye mkuu wa polisi na lenye kodi yake, ni taifa lililovishwa jina la jimbo. Mtunzi ametumia ukubwa wa kijiji ili tuweze kuliona taifa zima jukwaani. Basi tuna haki ya kumpima Majoka kwa vipimo vya Rais.

Vipimo vyenyewe ni vipi? Katiba ya Kenya iliyozinduliwa Agosti 27, 2010 inaanza, katika Kifungu cha 1, kwa kusema kuwa mamlaka yote ni ya wananchi, kisha inayakabidhi kwa vyombo mbalimbali: bunge na mabunge ya kaunti, serikali ya kitaifa na za kaunti, na mahakama pamoja na mabaraza huru ya maamuzi. Hii ndiyo tunayoiita mihimili mitatu. Rais ni kiungo cha mhimili mmoja tu. Anaweza kukataa kuutia saini mswada na kuurudisha bungeni, lakini thuluthi mbili ya wabunge wanaweza kuupitisha bila ridhaa yake; hayo yamo katika Kifungu cha 115. Anawateua majaji, lakini kwa mapendekezo ya Tume ya Huduma za Mahakama. Hawezi kutoza kodi kwa kutamka tu, kwa sababu Kifungu cha 210 kinasema kodi haitozwi wala kusamehewa ila kwa mujibu wa sheria iliyotungwa. Na anaweza kuondolewa madarakani na wabunge na maseneta kwa utaratibu wa Kifungu cha 145.

Sasa rudi Sagamoyo. Ipitie orodha ya wahusika tangu mwanzo hadi mwisho. Yumo mshauri wa kiongozi, Kenga. Yumo mke wa kiongozi, Husda. Wamo wachongaji Sudi, Boza na Kombe katika karakana yao. Yumo mgema Mamapima, mlevi Ngurumo, mlinzi Chopi, mkuu wa polisi Kingi. Yumo Tunu, mtetezi wa wanyonge. Hakuna mbunge. Hakuna hakimu. Hakuna hata karani wa mahakama apitaye jukwaani na faili kwapani. Mwanafunzi wangu hakuwa amekosa kusoma. Alikuwa amesoma kuliko mimi, kwa maana alisoma mpaka kile ambacho hakikuandikwa.

Dai langu katika makala haya ni dogo, lakini naliona kuwa la msingi. Tumezoea kuupima udhalimu wa Majoka kwa kuyahesabu matendo yake. Naona inafaa tuupime kwa kumtafuta mtu katika Sagamoyo anayeweza kumwambia Majoka "hapana" na kesho yake akaamka akiwa na kazi yake, uhuru wake na miguu yake miwili. Tukiutumia mzani huu, tamthilia inafunguka upya.

Chukua kisa cha Ashua. Mwanamke huyu, mkewe Sudi, anakwenda ofisini mwa Majoka kuomba msaada kwa kuwa watoto wana njaa. Majoka, ambaye aliwahi kumtamani, anajaribu kumrubuni. Husda anaingia, vita vinazuka kati ya wanawake hao wawili, na mwisho wake Ashua anatiwa ndani. Miongozo husema: hapa tunaona ukatili na uzinzi wa Majoka, na pia maudhui ya ndoa na wivu. Sawa. Lakini jiulize, Ashua ameshtakiwa kwa kosa gani? Mbele ya nani? Atatoka lini? Majibu yanafumbuka kadiri mchezo unavyoendelea: Ashua ni rehani. Sudi amekataa kumchonga Marara bin Ngao, na kifungo cha mkewe ni kamba ya kumvutia kazini. Ufunguo wa seli umo katika mfuko wa mtu yuleyule mwenye malalamiko. Yeye ndiye mlalamishi, ndiye polisi, ndiye hakimu, ndiye mlinzi wa gereza. Huu ndio mkusanyiko wa mamlaka ukionekana kwa macho, na hauhitaji neno moja la kisheria kuuelezea. Ndiposa Ashua anapomgeukia Sudi na kudai talaka, hasira yake inamwangukia mumewe. Katika nchi isiyo na mahakama, mwenye kuonewa hana wa kumshtaki ila aliye karibu naye. Sijaona mwongozo hata mmoja unaolisema hili, nao huwa wepesi kulitaja tukio hilo chini ya kichwa cha "udhaifu wa Ashua".

Mtunzi hakuubuni utaratibu huu hewani. Historia ya fasihi yetu wenyewe inaujua. Abdilatif Abdalla alifungwa miaka 3 kuanzia 1969 kwa sababu ya waraka wake wa kisiasa, na diwani ya Sauti ya Dhiki ikazaliwa gerezani. Yeye angalau alipitishwa mahakamani, hata kama mahakama yenyewe ilikuwa ikisikiliza upande mmoja kwa sikio kubwa zaidi. Alamin Mazrui, mwandishi wa Kilio cha Haki, alizuiliwa mwaka wa 1982 bila kufunguliwa mashtaka. Katama Mkangi, aliyetuandikia Ukiwa na baadaye Walenisi, naye aliwekwa kizuizini katika muongo huohuo. Tofauti kati ya mfungwa na mzuiliwa ndiyo tofauti ninayotaka mwanafunzi aione kwa Ashua. Mfungwa amepita mbele ya mhimili wa pili. Mzuiliwa hakupita popote; karatasi moja kutoka upande wa serikali ilitosha. Watunzi wetu wengi walijifunza mada ya utawala kwa njia hiyo, wala si kwa kusoma vitabu vya siasa.

Tuje kwenye kodi na soko. Hapa nitapita haraka kwa sababu mambo yako wazi. Soko linafungwa kwa neno la kiongozi, huku kiwanja kikitengewa hoteli ya kifahari. Kodi inapanda kwa neno la kiongozi. Kibali cha kuuza pombe haramu kinatoka kwa serikali ya kiongozi huyohuyo. Wachuuzi wanalia, lakini hakuna jumba ambamo kilio chao kingesomwa mara ya kwanza, ya pili na ya tatu kabla ya uamuzi kutolewa. Mkumbushe mwanafunzi wako yaliyotokea Juni 2024: Bunge la Kitaifa liliupitisha Mswada wa Fedha tarehe 25, vijana wakaingia majengo ya Bunge siku hiyohiyo, na kesho yake Rais William Ruto akatangaza kwamba hatautia saini, akaurudisha bungeni akipendekeza vifungu vyote vifutwe. Lolote mtu analofikiri kuhusu siku hizo, nazo zilikuwa na vifo, mzozo ulikuwa na anwani. Watu walijua waende wapi. Waandamanaji wa Sagamoyo wanakwenda sokoni kwa sababu hakuna mahali pengine pa kwenda.

Na sasa Kingi. Huyu ni mhusika ambaye wengi wetu tumemfunza kwa dakika tano, mwishoni mwa kipindi, kengele ikikaribia kulia. Anajitokeza kwa muda mfupi na hana hotuba ndefu kama Tunu. Hata hivyo naomba umfikirie kuwa mhimili wa tamthilia nzima. Umati umekusanyika, sherehe ya kiongozi imekosa watu, na Majoka anamwamuru mkuu wake wa polisi awafyatulie raia risasi. Kingi anakataa. Majoka anamfuta kazi palepale.

Zingatia mambo mawili. La kwanza ni kwamba Kingi ndiye mtu pekee mwenye cheo cha umma katika Sagamoyo anayekataa amri akiwa bado amevaa sare ya cheo hicho. Tunu anakataa, Sudi anakataa, lakini hao ni raia. Kukataa kwao ni ushujaa. Kenga anamwacha Majoka mwishoni, lakini huyo anaruka kutoka jahazi linalozama. Wala tusimwite mzalendo, kama watahiniwa wengine wanavyofanya. Kukataa kwa Kingi ni kwa aina nyingine. Kwa muda wa sentensi chache, ofisi moja ya dola inajitenga na utashi wa mkubwa na kusimama kwa miguu yake. Hilo ndilo chembe la kwanza la mgawanyo wa mamlaka kuonekana Sagamoyo.

La pili ni kufutwa kwenyewe. Linganisha na Kifungu cha 245 cha Katiba yetu. Kinasema Inspekta Jenerali wa Polisi hataelekezwa na mtu yeyote kuhusu uchunguzi wa kosa fulani wala kuhusu utekelezaji wa sheria dhidi ya mtu fulani. Kinampa muhula mmoja wa miaka minne. Rais anaweza kumwondoa, lakini kwa sababu zilizotajwa: kuvunja katiba kwa kiwango kikubwa, utovu mkubwa wa nidhamu, kutoweza kazi, na nyingine za namna hiyo. Kukataa kuua hakumo katika orodha hiyo. Kifungu hiki kiliandikwa na watu waliowahi kuwaona akina Kingi wakifutwa, na pia wakina Kingi waliokubali wakabaki na kazi zao. Ukikisoma pamoja na onyesho la mwisho la Kigogo, utaona kwamba sheria na tamthilia zinajibu hofu moja.

Najua pingamizi litakalotolewa. Mwalimu mmoja niliyemweleza wazo hili katika kituo cha usahihishaji aliniambia, akikoroga chai yake, kwamba ninadai jambo lisilodaiwa kwa mtunzi wa tamthilia. Jukwaa ni dogo. Huwezi kuleta wabunge mia tatu na majaji wenye majoho ndani ya ukumbi wa shule. Tena sanaa hukuza na kuacha. Mtunzi amewaacha wabunge kwa sababu iyo hiyo iliyomfanya asituonyeshe Majoka akipiga mswaki. Nakubali kwa kiasi. Lakini kuna kuacha kwa sababu kitu hakina uzito, na kuna kuacha kunakozungumza. Sagamoyo ina redio yake, ina shule na kampuni zenye jina la Majoka, ina likizo yake ya uhuru. Mtunzi amepata nafasi ya kuyataja hayo yote. Jina la Majoka limebandikwa kila mahali ambapo ofisi ya umma ingepaswa kuwa na jina lake yenyewe. Mwanya huo haukutokea kwa bahati mbaya, na iwapo ulitokea kwa bahati mbaya, basi bado ni kazi ya mhakiki kuutumia.

Isitoshe, kuwapo kwa baraza hakutoshi. Kwa wale waliofunza Mstahiki Meya ya Timothy Arege, iliyotahiniwa kabla ya Kigogo, watakumbuka kwamba mji wa Cheneo una madiwani. (Wanafunzi wa siku hizi yabidi waelezwe kwanza meya na diwani walikuwa nani, kwani vyeo hivyo viliondoka serikali za kaunti zilipoanza 2013.) Meya Sosi hatawali peke yake kama Majoka; ana chombo ambacho, kwa mujibu wa sheria, kingeweza kumzuia. Diwani wa Kwanza na wa Pili wanaitikia. Wa Tatu anahoji. Utashi wa Meya unapita, wafanyakazi hawalipwi inavyofaa, na hospitali haina dawa. Kwa maoni yangu Cheneo ni picha ya kutisha zaidi kuliko Sagamoyo. Sagamoyo haina bunge, ilhali Cheneo inalo na halifanyi kazi. Tena sisi Wakenya tunaifahamu Cheneo kwa ukaribu. Mwaka wa 1982 ni Bunge letu lililopitisha kifungu cha 2A kilichoifanya nchi kuwa ya chama kimoja kwa sheria. Mwaka wa 1988 ni Bunge hilohilo lililopitisha marekebisho yaliyowaondolea majaji usalama wa kazi zao, ambao ulirudishwa 1990. Mhimili mmoja uliukata mwingine kwa faida ya wa tatu, na wakati huo mihimili yote mitatu ilikuwa imesimama vizuri katika vitabu vya somo la historia na serikali.

Upande wa pili usisahauliwe, la sivyo tutamfanya mwanafunzi aamini kwamba maandishi ya 2010 yamemaliza kazi. Septemba 1, 2017, Mahakama ya Juu, kwa majaji wanne dhidi ya wawili, ilibatilisha uchaguzi wa Rais uliofanyika Agosti 8. Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kwamba hakubaliani na uamuzi huo lakini ataheshimu. Siku iyo hiyo, akiwahutubia watu katika soko la Burma jijini Nairobi, akawaita majaji hao wakora. Mwalimu wa Kiswahili hawezi kulipita neno hilo bila kusimama. Tamko la kwanza ni sajili ya katiba, la pili ni sajili ya sokoni, na yote mawili yametoka katika kinywa kimoja siku moja. Waulize wanafunzi: ni lipi kati ya hayo ambalo Majoka angeweza kulitamka, na ni lipi asingeweza? Hapo ndipo utakapojua kama wameuelewa mpaka wa mamlaka.

Kisha kuna mamlaka ya kutotenda, ambayo tamthilia zetu haziyaonyeshi kabisa kwa kuwa jukwaa hupenda vitendo. Mwaka wa 2019 Tume ya Huduma za Mahakama ilipendekeza majaji 41. Rais hakuwateua hadi Juni 2021, alipowateua 34 na kuwaacha wengine, na sita wakaapishwa Septemba 2022 na Rais aliyefuata. Hakuna risasi iliyofyatuliwa na hakuna soko lililofungwa, kalamu ilikaa tu mezani. Nayo Mahakama ya Juu, Machi 31, 2022, katika kesi ya mpango wa kurekebisha katiba uliojulikana kama BBI, iliamua kwamba Rais hawezi kuanzisha marekebisho kwa njia iliyowekewa wananchi wa kawaida. Lakini katika uamuzi huohuo ikashikilia kuwa Rais hashtakiwi kwa kesi ya madai, akiwa bado ofisini, kuhusu anayoyatenda kwa mujibu wa katiba. Akazuiwa mlango mmoja, akakingwa kwenye mwingine. Kigogo haina kivuli cha namna hii. Weusi wake ni weusi na weupe wake ni weupe.

Hapa ndipo ninapokuwa na lawama kwa tamthilia, na naitoa kwa heshima kwa kuwa ni kazi ninayoipenda. Mwishoni umati umeshinda, Majoka amebaki pweke, na matumaini yote yanamwelekea Tunu. Tunajua kuwa ni mwadilifu, ameumizwa mguu kwa ajili ya wengine, na amekataa kuozwa kwa mwana wa mkubwa. Yote hayo yanatuambia Tunu ni mtu mwema. Hayatuambii ni nani atakayemwambia Tunu "hapana". Kiti kile cha Majoka hakikuvunjwa wala kupunguzwa miguu. Kinangoja mtu mwingine. Katika Nguu za Jadi hali ni kama hiyo, ingawa njia ni ya kura: Matuo inatoka mikononi mwa Mtemi Lesulia na kuingia katika mikono ya Lonare, mtu mpole na mwenye busara, naye pia anakuwa Mtemi. Kabla ya hapo tulikuwa na Kifo Kisimani ya Kithaka wa Mberia, ambamo Mtemi Bokono wa Butangi anahodhi hata kisima. Vitabu vitatu vya vipindi mbalimbali, na katika vyote swali linalojibiwa ni nani atawale. Swali la kiasi gani atawale halijapata mtunzi wake bado katika vitabu teule, kwa kadiri nilivyovisoma.

Kuna jibu moja ambalo watetezi wa Kigogo wanaweza kunipa, nami silidharau. Wanaweza kusema kwamba umati wa sokoni ndio Kifungu cha 1: mamlaka yamerudi kwa wenyewe, na kazi ya kuyagawa upya itaanza pazia likisha kufungwa. Usomaji huo una nguvu, hasa tukikumbuka kwamba Kingi, baada ya kufutwa, anakwenda upande wa umati.

Mtahiniwa, najua umengoja kwa subira kuambiwa hili litakufaa vipi. Ukipewa swali kama "Mamlaka ya kiongozi katika kazi hii hayana mipaka. Jadili," usianze kumtukana kiongozi. Wengi huandika: Majoka ni mkatili kwa sababu alimfunga Ashua. Ukiandika hivyo utapata alama yako. Lakini jaribu kuandika: Majoka anamzuilia Ashua bila kumshtaki, ili kumlazimisha Sudi achonge kinyago, hakuna mamlaka nyingine Sagamoyo inayoweza kumwachilia. Hoja ni ileile, mfano ni uleule, ila umeonyesha kwamba umeielewa. Wala usiiandike nambari ya kifungu chochote cha katiba katika kijitabu cha majibu. Msahihishaji anatuza yaliyomo kitabuni. Katiba ikusaidie kuona tu, kisha iache nje ya mlango.

Nawe mwalimu, ukipata kipindi kimoja cha ziada, mgawe Kingi kama kazi ya vikundi. Kikundi cha kwanza kiandike barua ya Majoka ya kumfuta kazi, na sababu zitajwe. Kikundi cha pili kiandike barua ya Kingi ya kukata rufaa. Nilipolifanya hili muhula uliopita, kikundi cha pili kilimaliza barua nzima, salamu na anwani ya mwandishi zikiwa mahali pake, kisha wakaniita mezani kwao. Walikuwa wamekwama kwenye anwani ya pili. Hawakujua barua waielekeze kwa nani.